Nkambo Wako Hakukukataa

Kasongo, jioni, kabla ya safari yako

Melania binti yangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimewafukuza wadogo zako wote wakacheze kwa jirani ili nyumba itulie. Wameondoka wakinung'unika eti mama leo amepandwa na nini. Wacha wanung'unike. Nimekaa kwenye meza ya marehemu baba yako, pale alipokuwa akitengeneza mafundisho yake ya Jumapili.

Juu ya mambo ya nyumba sina neno. Kuchemsha maji unajua, kupika sombe unanishinda, na ukishikwa na homa masista wa Kabambare wana dawa. Nimekuchosha kwa hayo juma zima, mpaka jana ukaniambia, "Mama, miye si mutoto tena!" Nikakasirika, halafu nikaenda nyuma ya nyumba kucheka peke yangu. Ni kweli si mtoto. Ndiyo sababu naandika.

Naandika juu ya ile programu yako.

Siku ile tulikuwa tunapepeta mchele uani, ukaleta karatasi zako ukanisomea namna utakavyowafundisha dini watoto na vijana wa misioni ya Kabambare mwaka mzima. Nilisikiliza nikafurahi, Mungu ananiona. Wadogo asubuhi, jua likiwa bado la kuvumilika. Nyimbo kwanza, maswali baadaye. Wakati wa kuvuna pamba hakuna darasa katikati ya juma, kwa kuwa hawatakuja, wazazi wao wanamwogopa bwana wa pamba kuliko wanavyomwogopa Padri. Nikasema moyoni, huyu ana akili kuliko mimi. Halafu ukafika kwenye mwezi wa Ramazani. Ukasoma: "Siku kuu ya Idi, watoto wote wa Komunyo ya kwanza watakaa misioni kusali, tangu asubuhi hata jioni. Atakayekosa atangoja mwaka mwingine." Ukainua macho ukacheka. "Hii nimejifunza kwako, Mama. Nakumbuka ulivyotufanyia."

Nikakuuliza, "Na wale wenye nkambo Waislamu?"

Ukanijibu bila ubaya wowote, kama mtu anayesema mvua itanyesha: "Si ndio hao hasa? Afazali wazoee mapema. Miye Nkambo alinikataa juu ya ubatizo, nikalia, halafu nikazoea."

Ungo ukaniponyoka. Wewe ukadhani mkono umechoka, ukacheka, ukapiga magoti kuokota mchele punje kwa punje, ukaniambia nikapumzike. Nikaingia ndani nikakaa kitandani na nguo zangu za kazi. Mimi Veronika, ambaye wanawake wa mtaa mzima wanasema ulimi wangu hauna mfupa, ambaye nimemjibu hata karani wa bwana administrateri mbele ya watu, siku ile nilikosa neno. Nimelikosa juma zima.

Melania, Nkambo wako, mama yangu mzazi, hakukukataa. Ni mimi niliyesema hivyo. Yeye hakusema. Hakuwaza hata kusema.

Ngoja nikueleze, maana wewe ulizaliwa ukanikuta nina medali ya Maria shingoni, labda ukadhani nilizaliwa nayo. Mimi ni binti wa Mwavita, wa mtaa wa Waislamu. Baba yangu alikufa mapema. Mama alilima mpunga, akauza mikate ya mchele sokoni, akampeleka kaka yangu Amisi, huyu mjomba wako, kwenye chuo cha Korani. Mimi masista walinitaka nijifunze kushona na kusoma, naye akakubali. Watu wa mtaa wakamcheka: "Mwavita, unamutupa mutoto." Akawajibu, "Simutupi. Iko pale ng'ambo ya barabara, namuona." Nilipotaka ubatizo alinyamaza siku nzima, nikadhani amekasirika. Kesho yake akaninunulia kikwembe kipya. Alisema, "Hauwezi kwenda kwa Mungu na nguo imepasuka, watasema nimekulea vibaya."

Ndivyo tulivyoishi, na hapa Kasongo hakuna aliyeona ajabu. Nyumba moja ina Yosefu na Ramazani, wamenyonya ziwa moja, na wakigombana wanagombania kuku, si dini. Siku ya Idi wajukuu wote walikusanyika kwa mama yangu, wa ubatizo na wa chuo. Aliwanawisha mikono mwenyewe, akafinyanga tonge la kwanza la wali na kuku, akamtia kila mmoja kinywani kuanzia aliye mdogo. Wewe hukukubali kungoja zamu hata mwaka mmoja. Ulijipenyeza mbele na mdomo wazi. Naye akakutania kama wankambo wa kwetu wanavyowatania wajukuu: "Muke mwenzangu huyu ana wivu! Anataka kunimalizia bwana na chakula pia!" Na Noeli ikifika, yeye ndiye aliyekuja kwetu. Hakuingia kanisani. Alitandika mkeka wake nje karibu na mlango, amevaa kikwembe chake cha siku kuu, akangoja maandamano ya watoto. Ukipita wewe na kitambaa cheupe kichwani, alipiga vigelegele mpaka Padri akageuza shingo.

Basi mwaka ule ulikuwa katika kundi la Komunyo ya kwanza. Baba yako, katekista, alikuwa ametumwa kufundisha katika vijiji vya upande wa Nyangwe, akakaa huko miezi. Padri wa wakati ule akaniita akanipa mimi kazi ya kupanga mafundisho ya watoto na vijana. Mwanamke! Unajua ilivyonipanda kichwani? Nilianza kuwasahihisha wenzangu hata namna ya kufanya ishara ya msalaba. Nikitembea sokoni nilitaka watu wajue kwamba anayepita si mnunuzi wa chumvi tu.

Na nilikosea tangu mwanzo, hata katika madogo. Darasa la vijana nililiweka Jumamosi alasiri, saa ya mpira. Hakuja mtu. Nikaliweka tena saa ileile, kwa kusudi, nione nani atamshinda mwenzake. Wakanishinda wao. Nikawafuata uwanjani na fimbo ya kuelekeza maneno ubaoni, nikapiga kelele, wakakimbia wakicheka, na mmoja akaiga kutembea kwangu mbele ya watu wote. Baba yako aliporudi alifanya nini? Alikwenda kukaa uwanjani mpaka mpira uishe, akawauliza nani ameshinda, ndipo akaanza kuwafundisha palepale kwenye majani, wakiwa na jasho. Nilimwambia hiyo si heshima kwa Neno la Mungu. Alinijibu, "Wako hapa, Veronika. Kwako walikuwa wapi?" Hilo naweza kulicheka leo. Linalofuata siwezi.

Siku moja baada ya misa Padri alinisimamisha mbele ya wanawake wenzangu. Akasema kila mwaka Idi ikifika nusu ya watoto wake wanapotea, na wakirudi wana hina mikononi. Akauliza, "Hawa ni watoto wa nani?" Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, lakini si chini sana, "Kwani si wa kwake mwenyewe?" Wakacheka. Melania, uso uliniwaka. Nilijiona kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima, na mwenyewe amekuja kuidai. Nilitaka wote waone kwamba Veronika ni Mkristo kamili, hana mguu mmoja huku na mwingine kule. Nikamwambia Padri palepale, "Mwaka huu hawatapotea."

Nikapanga watoto wakae misioni kusali siku ya Idi. Lakini Idi si kama Noeli, haikai mahali pamoja, inangoja mwezi uonekane. Ningejuaje siku yake? Nikafanya jambo ambalo hakuna mgeni angeweza kulifanya, ni mtu wa nyumba tu. Nilikwenda kwa mama yangu. Nilimkuta anachagua mchele, nikakaa naye, nikaanza kumsaidia. Nikamuuliza, "Mama, mwaka huu mwezi mutauona lini?" Alifurahi! Alifurahi kwa sababu nilikuwa sijawahi kuuliza, alikuwa anatuma mtu kuniambia. Akahesabu kwa vidole, akaniita karibu, akasema, "Idi ni Alhamisi. Mawingu yakificha mwezi, basi Ijumaa, haiwezi kupita. Uwalete mapema, muke mwenzangu asipige watu kelele ya njaa." Akanifungia mikate ya mchele nikuletee. Nikabeba mikate ile, nikaenda moja kwa moja mpaka kwa Padri, nikamwambia: tupange Alhamisi na Ijumaa, zote mbili. Na atakayekosa asipokee Komunyo mpaka mwaka ujao. Padri akasema nina akili ya kupanga. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nakuambia ukweli. Mikate uliila wewe.

Alhamisi mwezi ulikuwa umekwisha onekana. Tangu asubuhi tulisikia ngoma za upande wa msikiti. Mimi nikawaimbisha ninyi kwa nguvu zaidi ili zisisikike. Mchana mkala maharage ya misioni. Wewe hukula. Ulikaa umegeukia langoni, na kila mtu akipita ulinyanyuka. Alasiri Amisi akaja. Alisimama pale langoni na kanzu yake ya siku kuu, amebeba sinia kichwani, limefunikwa kitambaa cha kufumwa cha mama. Nikatoka kumkuta kabla hajaingia.

Akasema, "Mama amengoja tangu asubuhi. Anasema kama watoto hawawezi kuja, chakula kikuje."

Nikamwambia, "Rudi nacho. Leo watoto wako na Mungu."

Amisi aliniangalia. Yule kaka yangu si mtu wa maneno. Akasema, "Na sisi tuko na nani?" Halafu akageuka na sinia lake.

Wewe ulikuwa umekimbia mpaka nyuma yangu. Ulimwona mgongo wake. Ukaanza kulia, "Yomba anaenda wapi na chakula? Nataka kwenda kwa Nkambo!" Ukanivuta nguo. Watoto wengine wakaanza kusimama, mmoja akaanza kulia naye, na Padri alikuwa kwenye baraza anaangalia. Nikaona kazi yangu yote inaharibika. Nikakuinamia nikakuambia, "Nyamaza. Amekuja kuleta maneno ya Nkambo. Amesema watoto waliobatizwa wasikanyage kwake tena."

Ulinyamaza. Ndivyo ulivyonyamaza, ghafula, kama kuku aliyefunikwa na kikapu. Uliniuliza, "Hata miye?" Nikasema, "Hata weye." Ukarudi kukaa mahali pako, ukakunja mikono, na siku ile yote ukajibu maswali bila kukosa hata moja. Padri alikusifu. Mimi nikasema moyoni nitamweleza kesho, nitamweleza akikua kidogo, nitamweleza baada ya Komunyo. Mwongo hujipangia programu naye.

Unakumbuka Noeli iliyofuata? Nadhani unakumbuka, maana kwako ilikuwa ushujaa. Mama yangu alikuja. Baada ya yote yale alikuja, akatandika mkeka wake pale karibu na mlango. Ulipopita katika maandamano alipiga vigelegele, akanyoosha mkono ashike kitambaa chako. Ukageuza uso upande wa pili. Mtoto mdogo vile! Ulipita wima kama mke wa chifu. Nilikuwa nyuma yako na wadogo, nikaona mkono wake umebaki hewani. Akajaribu kutania, akawaambia waliokuwa karibu, "Muke mwenzangu amekuwa Muzungu, hanijui." Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akakunja mkeka kabla misa haijaisha, na Noeli nyingine hakuja tena.

Ningeweza kusema siku ile. Ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni mpaka kwenye mkeka wake. Lakini Padri alikuwa amevaa mavazi yake, kwaya inaimba, wanawake wote wanatazama, na mimi nilikuwa mkubwa wa watoto wa misioni.

Baba yako aliporudi alisikia habari za sinia kutoka kwa Amisi. Hili la uongo hakulijua, hata kaburini hakuenda nalo. Alikaa kwenye meza hii ninayoandikia, akasoma programu yangu yote tangu mwanzo mpaka mwisho, taratibu. Akaniuliza, "Hii ni programu ya watoto, ao ni yako?" Nikamkasirikia siku tatu nzima. Nilimpikia lakini sikumsemesha. Alikula, akasema aksanti kila siku, akaenda kazini. Ni vibaya sana kumkasirikia mtu ambaye hakasiriki.

Sasa nifike pale ninapokwepa. Mvua za mwaka uliofuata, mama yangu akaugua kifua. Amisi akaja kutuita usiku, nikaenda. Nilikwenda peke yangu. Nilikuambia wewe ulinde wadogo zako, lakini wadogo wangeweza kulindwa na mtu yeyote. Sikutaka mwonane, kwa maana mkionana mara moja tu yote yangejulikana.

Nilimkuta amekonda, ameegemezwa ukutani ili apate pumzi. Macho yake yalikwenda nyuma yangu, mlangoni.

"Muke mwenzangu iko wapi?"

"Iko nyumbani, Mama. Analinda wadogo."

Akapumzika. Nikamnywesha maji. Akaniuliza, "Juu ya nini hakuji tena? Nilimukosea nini mutoto ule?"

Nilikuwa na kikombe mkononi. Tulikuwa wawili tu, Amisi alikuwa nje. Hakukuwa na Padri wala kwaya. Melania, nilisema, "Watoto ni vile, Mama. Wanasahau."

Akatikisa kichwa. "Mutoto hasahau." Halafu, baada ya kukohoa sana, akasema, "Umwambie Melania, kama kuna kitu nilimukosea, anisamehe. Sikijui, lakini anisamehe."

Hayo ndiyo maneno yake. Alfajiri akafa. Nilirudi nyumbani ukanifungulia mlango, ukaona macho yangu, ukaelewa. Uliniuliza, "Alisema nini?" Nikakuambia hakusema kitu. Na uliposikia hivyo uligeuka ukaenda kuchota maji, hukutoa chozi, na wakati wa maziko ulikaa mbali na wanawake wengine, umekunja mikono. Shangazi mmoja alisema mtoto huyu ana moyo mgumu. Nilimsikia nikanyamaza.

Nimeungama, usidhani sikuungama. Padri mwingine, siyo yule, alinipa sala za kusali, nikazisali zote nikiwa nimepiga magoti. Nilitoka kanisani nikiwa na nafuu mpaka nikafika nyumbani nikakukuta unafagia. Padri aliweza kunisamehe ya kwake. Ya kwako hakuwa nayo.

Na usiulize kwa nini sikusema miaka hii yote. Nilikuogopa. Ulikuwa mtoto na nilikuogopa. Halafu ukawa msichana mwenye bidii, masista wakakusifu, kila mtu akasema binti wa Veronika amefanana na mama yake, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nami nikatabasamu, nikasema aksanti. Nikazoea. Kumbe wewe ulikuwa unajenga juu ya lile neno langu. Ulijenga juu yake ualimu wako wote, na sasa unataka kuwapelekea watoto wa Kabambare, ambao kwao pia Yosefu na Ramazani wanalala mkeka mmoja.

Sitakuambia futa hili, andika lile. Wewe umesoma kuliko mimi na mimi si Padri. Sisemi pia kwamba dini zote ni sawasawa. Mimi ni Mkristo na mtanizika na rozari yangu mkononi. Nakuambia tu ninalolijua. Ukifika huko, kabla hujapanga siku hata moja, zunguka kwa wanawake wazee, hata wale wasiotia mguu kanisani. Uwaamkie, ukae chini, wakikupa mihogo ule. Uwaulize watoto wao huja kwao siku gani. Watakuambia, maana watafurahi kuulizwa, kama mama yangu alivyofurahi. Na utakapokuwa umejua siku hizo, utakuwa na kitu kikali mkononi. Mimi nilikuwa nacho na nilijua pa kuchoma.

Na mtoto akilia, mwache alie. Hilo nimelijua nikiwa nimechelewa kabisa. Niliogopa kilio cha mtoto mbele ya Padri, nikakiziba kwa neno la kwanza lililokuja mdomoni. Ungelia siku ile mpaka jua lizame, ungekosa maswali yote, ungekosa Komunyo yenyewe mwaka ule. Kisha? Ungeipokea mwaka uliofuata. Nkambo wako angekuwepo kwenye mkeka wake.

Sasa umejua. Hukuwa mtoto aliyekataliwa. Kuna mwanamke aliyekufa akikuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, na mimi nilikaa na ombi lake katika nyumba hii hii, nikikusuka nywele, nikikushonea sare, nikikupigia makofi siku ya diploma. Alikupenda vibaya sana. Hata mimi nilikuwa naona wivu.

Nilifikiri nikuwekee barua hii chini ya nguo zako, uione ukisha kufika Kabambare, mbali nami, na barabara ile ya mashimo iko katikati yetu. Nimeandika mpaka hapa nikiwa na wazo hilo. Lakini nimeona ni ujanja uleule, wa kuchagua siku itakayonifaa mimi. Hapana. Nitakupa mkononi kesho, kamio ikiwa bado imesimama sokoni inapakia chumvi. Nitakuambia uisome palepale. Nitasimama mbele yako, sitajifanya natafuta kitu kikapuni, sitaongea na mtu.

Ukimaliza, kama unataka kunipiga maneno, nipige. Kama hutaki kuniaga, panda, nitaelewa. Soma polepole, mwanangu, usiruke kitu. Dereva nimekwisha kumwambia atungoje. Akipiga honi, mwache apige.

Mama yako,
Veronika binti Mwavita